Kumbukumbu za Serikali Mtandaoni: Nani Alipe, na Alipe Mpaka Lini?

MHASIBU: Tuanze na hesabu. Nchi hii ina vijiji zaidi ya 12,000, na Gazeti la Serikali hutoka kila Ijumaa. Kila kijiji kikipata nakala moja tu ya kila toleo, Mpigachapa Mkuu wa Serikali atalazimika kutoa nakala zaidi ya 620,000 kwa mwaka, na hapo hatujagusa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, vitabu vya bajeti, Taarifa Rasmi za Bunge wala sheria zenyewe. Ongeza mafuta ya gari, posho ya dereva na barabara za vumbi za vijijini Chemba. Hakuna Hazina itakayokubali mzigo huo, na ndiyo maana haijawahi kuubeba. Matokeo yake karatasi inayosemekana ni ya watu wote huishia kwenye ofisi chache, kwa mawakili, na kwa yule anayeweza kufika dukani kuinunua. Mtandaoni nakala ya kwanza ndiyo yenye gharama. Ya pili, ya elfu kumi na ya milioni haziongezi kitu cha kuumiza kichwa. Kwa hiyo hoja yangu iko wazi: kuanzia mwaka wa fedha ujao, matangazo, sheria, ripoti na takwimu za Serikali zitoke mtandaoni peke yake, ili mwananchi wa Mpwapwa apate kitu kile kile, siku ile ile, anachopata mwanasheria wa Upanga.

MTUNZA KUMBUKUMBU: Hesabu yako haina kosa, mwanangu, ila umefunga kitabu mapema. Umehesabu kutoa, hukuhesabu kutunza. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inaweka miaka 30 kuwa kipindi ambacho baada yake kumbukumbu za Serikali hufunguliwa kwa wananchi. Chukua jalada lililofungwa mwaka 1995. Kama ni la karatasi, mhudumu analishusha kwenye rafu, anapangusa vumbi, msomaji anasoma. Kama mwaka huo huo afisa mmoja aliamua kuokoa karatasi, barua zile akaziweka kwenye flopi kwa programu ya WordPerfect, leo tunahitaji mashine ya kusomea flopi, programu inayolielewa faili lile, mtu anayejua kuitumia, na bahati kwamba sumaku ya flopi haijachoka. Mwaka 1995 flopi ndiyo iliyoonekana nafuu, na hakuna aliyeiwekea kasma ya mwaka 2025. Karatasi ni kiwanja ulichonunua. Mtandao ni chumba cha kupanga. Kuna kodi ya seva, ambayo huzeeka kwa miaka mitano hivi. Kuna kodi ya leseni, ya umeme, ya viyoyozi, ya ulinzi dhidi ya wadukuzi, ya kuhamisha mafaili kutoka muundo wa zamani kwenda mpya, na ya mishahara ya vijana wanaoijua kazi hiyo, ambao benki nazo zinawatafuta. Kodi hiyo haina mwezi wa mwisho. Ikikosekana mara moja, vyombo vinatolewa nje, na jirani hataviokota kwa sababu havionekani.

MHASIBU: Mama, hata kiwanja kina kodi yake. Masijala inahitaji chumba, makabati, walinzi na dawa ya mchwa, na hapa kwetu uwanda wa kati hakuna haja ya kumweleza mtu mchwa anavyofanya kazi. Kumbuka pia tulivyohama. Tangu tangazo la Julai 2016 la Serikali kuhamia Dodoma, wizara zilipakia majalada kwenye malori kutoka Dar es Salaam, nyingine zikatua kwanza kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha zikapakia tena kwenda Mji wa Serikali wa Mtumba. Yeyote aliyewahi kuhamisha ofisi anajua kwamba jalada hupotea kirahisi zaidi siku ya kuhama. Faili la kielektroniki halipandi lori. Na kiwanja unachokisifia kina wageni wangapi? Tunazo kumbukumbu za utawala wa Wajerumani, zimetunzwa Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ni heshima kubwa. Lakini sehemu yake imeandikwa kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi mpaka afundishwe, na mwenye kutaka kuziona lazima asafiri mpaka Upanga. Mjukuu wa mtu wa Kilimatinde ambaye babu yake ametajwa humo hatazigusa maisha yake yote. Kutunza kitu mahali ambapo mwenye nacho hafiki, nako ni gharama, hata kama haionekani kwenye vitabu vyangu.

MTUNZA KUMBUKUMBU: Kuhusu kufikiwa nakubaliana nawe, na nitakuwa wa kwanza kuomba majalada hayo yapigwe picha na yawekwe mahali ambapo mtu wa Manyoni atayaona. Ila yatazame tena, maana yanasema jambo ambalo hukulitaja. Yalipita katika Vita Kuu ya Kwanza, yakamwona Mwingereza akiingia na akitoka, yakaona uhuru, na katika miaka hiyo yote kulikuwa na vipindi virefu ambavyo hakuna mtu aliyeyajali. Yalivumilia kusahauliwa. Hiyo ndiyo sifa ya karatasi ambayo mtandao hauna. Faili la kielektroniki haliwezi kusahauliwa miaka 10 kisha likakumbukwa. Na sisi, tuseme kweli, tunasahau sana. Mwishoni mwa 2015 TAMISEMI ilihama kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu kwenda Ofisi ya Rais, na anwani ya tovuti ikabadilika kutoka pmoralg kwenda tamisemi. Oktoba 2017 Wizara ya Nishati na Madini ikagawanywa, kila upande ukafungua tovuti yake. Mwanafunzi aliyetaja waraka wa wizara hiyo kwenye tasnifu ya mwaka 2014 ameacha anwani ambayo haimfikishi mtu popote. Hakuna aliyeamua kuuficha waraka ule. Baraza la Mawaziri lilipangwa upya, basi. Lakini Tangazo la Serikali lenye namba na mwaka, lililochapwa kwenye Gazeti la 1974, halijui wizara ngapi zimeunganishwa na kutenganishwa tangu siku hiyo, na leo ukilitaja kwa namba yake mahakamani, hakimu analifungua.

MHASIBU: Hapo umelaumu chombo kwa kosa la anayekishika. Anwani ikibadilika bila kuelekezwa kwenye anwani mpya, huo ni uzembe wa usimamizi, na uzembe una dawa. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopo hapa hapa Dodoma, uwezo wa kuweka viwango kwa taasisi zote za umma. Kila waraka upewe namba ya kudumu isiyofuata jina la wizara, kama lilivyo Tangazo la Serikali, na tatizo la tasnifu limekwisha. Tena tunao mfano nyumbani. Mahakama ya Tanzania inaweka hukumu zake kwenye TanzLII bila malipo. Zamani wakili wa Kondoa aliyetaka kujua Mahakama ya Rufani ilisema nini alimtegemea rafiki mwenye maktaba. Leo anaipata hukumu akiwa kwenye korido ya mahakama ya wilaya, na hata asiye wakili anaipata. Na usiniambie kwamba mifumo ni lazima itufilisi kwa leseni. Malipo ya Serikali yalikuwa yakipita kwenye EPICOR, mfumo wa kununua nje. Wataalamu wetu wa Wizara ya Fedha wakajenga MUSE. Ununuzi ulikuwa kwenye TANePS, uliojengwa na kampuni ya nje. Mwaka 2023 ukaja NeST, uliojengwa hapa nchini. Tumejifunza kuipunguza hiyo kodi unayoiogopa.

MTUNZA KUMBUKUMBU: Mifano mizuri, na kila mmoja una mkia. TanzLII ilisimama kwa msaada wa AfricanLII ya Cape Town, na siwalaumu hata kidogo kwa wema wao. Nauliza tu kama siku wafadhili wao wakigeukia jambo jingine tumeshaandika mahali fulani kwamba sisi ndio tutakaolipa. EPICOR imeondoka, vizuri. Mkaguzi akitaka kesho kuona hati ya malipo ya mwaka 2014 pamoja na jina la aliyeidhinisha, ama mfumo wa zamani uwe bado unawashwa na mtu analipwa kuuwasha, ama taarifa zote ziwe zimehamishwa na kuhakikiwa moja moja. Vyote viwili ni fedha. Unapobadilisha mfumo unaandika kwenye ripoti akiba uliyopata kwa leseni. Gharama ya kumbukumbu za mfumo uliokufa huiandiki, kwa sababu haina mwenyewe. TANePS imedumu miaka michache. Mkataba wa barabara uliopatikana kwa TANePS unaweza kuleta kesi baada ya miaka 12.

MTENDAJI WA KIJIJI: Mmezungumza juu ya Serikali kuwa na kumbukumbu zake. Niseme juu ya mtu ambaye taarifa inamhusu. Mwaka 2017 bajeti ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5, ukawa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikafuta ushuru kwa anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa mkulima wa Chamwino anayepeleka mahindi soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, hilo ndilo tangazo kubwa kuliko hotuba zote za mwaka ule. Ana magunia matano ya kilo mia mia, yaani nusu tani. Anafika kwenye geti, kijana wa ushuru ameshika mashine ya POS, anamwambia alipe. Mkulima anasema nimesikia redioni mzigo wangu haulipiwi. Kijana anasema nionyeshe. Hapo ndipo mjadala wenu unapokutana na mwananchi, maana anachohitaji ni ukurasa mmoja wenye namba ya tangazo, na anauhitaji sasa hivi, lori likiwa linanguruma na dereva anaangalia saa. Akiambiwa uko mtandaoni, lazima awe na simu ya kufungua faili zito, awe na bando, awe na chaji, ajue jina la sheria kwa Kiingereza, kisha atafute mstari wake kwenye kurasa 60. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na tunaishukuru, lakini kutafsiri yote yaliyokwisha kuandikwa ni kazi ndefu, nayo ni sehemu ya gharama ya kuchapisha ambayo sijasikia mmoja wenu akiitaja. Mnaposema mtandao ni bure, mnamaanisha bure kwenu. Gharama haikufutwa. Mmeihamisha kutoka fungu la Mpigachapa kwenda mfukoni mwa mwenye magunia matano.

MHASIBU: Ndugu Mtendaji, hilo nalisikia, na silipuuzi. Ila niambie ukweli: karatasi ilipokuwa inatawala, ukurasa huo ulifika getini Kibaigwa? Haukufika. Mkulima wa 1985 hakuwa na bando wala hakuwa na Gazeti. Tofauti ni kwamba leo kijana wake aliyeko Dodoma mjini anaweza kuupata na kumtumia kwa WhatsApp, mwalimu wa kijijini anaweza kuufungua, na wewe mwenyewe unaweza kuuchapa na kuubandika ubaoni. Sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi nchi nzima, ikafika kila kitongoji, kisha vishikwambi vikagawiwa walimu. Vifaa vimeanza kuwepo vijijini. Kumpa kila mtu karatasi hatukuweza katika miaka 60 ya kujaribu. Nini kinakufanya uamini tutaweza sasa?

MTENDAJI WA KIJIJI: Siombi kila mtu apewe karatasi. Naeleza hicho ulichosema kwa wepesi, kwamba nitauchapa na kuubandika. Ofisi nyingi za vijiji hazina printa. Mtendaji anapanda bodaboda mpaka steshenari, anamtumia kijana wa pale faili, analipa kwa kila ukurasa, na fedha hiyo ni ya kwake. Anarudi na karatasi mbili anazibana ubaoni kwa pini. Wino ule wa bei rahisi haustahimili jua letu. Ukuta ukielekea magharibi, baada ya wiki chache mistari inakuwa ya kijivu, na mvua za Desemba zikipiga kwa upande, karatasi inajikunja na kung'oka. Ndiyo maana mapato na matumizi ya robo mwaka tunayaandika kwa maka peni kwenye karatasi ya manila, maandishi makubwa, kwa mkono. Yanasomeka kutoka barabarani. Na hiyo ya WhatsApp, tazama inavyopokelewa. Watu wamezoea kuona barua yenye nembo ya Taifa ikizunguka kwenye makundi, na kesho yake ofisi husika inairudisha ikiwa imepigwa neno FEKI kwa wino mwekundu. Kijana wa geti ana haki ya kusema hiyo ni picha tu. Mkulima hana cha kumjibu.

MTUNZA KUMBUKUMBU: Shikilia hapo hapo, Mtendaji, kwa sababu umegusa gharama ambayo hesabu ya Ijumaa haikuigusa. Kuweka faili kwenye tovuti ni kazi ya dakika tano. Kulifanya faili lile liaminike ni kazi nyingine kabisa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imezipa taarifa za kielektroniki nguvu kisheria, lakini mahakama ikipima uzito wake inaangalia taarifa ilitengenezwa vipi, imetunzwa vipi, na kama inaweza kuthibitishwa kwamba haikuguswa. Kwa hiyo lazima pawe na saini ya kielektroniki kwenye kila toleo, rejista ya nani aliingia kwenye mfumo na lini, nakala rudufu iliyo mbali na ya kwanza, na mtu anayezipima nakala hizo kila mwezi kuona kama bado zinafanana. Juni 2024 Indonesia iliona maana ya kuruka hatua hizo. Wadukuzi walikifunga kituo cha data cha Serikali kule Surabaya, taasisi zaidi ya 200 zikakwama, na sehemu kubwa ya data haikuwa na nakala rudufu. Maofisa wao walieleza kwamba huduma ya nakala rudufu ilikuwepo, ila ilikuwa ya hiari, na taasisi hazikuichukua kwa sababu ya bajeti. Ya bajeti! Wahasibu wenzako waliona kasma isiyo na jengo la kuzindua, wakaikata.

MHASIBU: Nilikuwa nangoja mfano wa ng'ambo, mama, kwa sababu ninao mkubwa zaidi, na unanisaidia mimi. Tarehe 26 Septemba 2025 kituo cha data cha Serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon kiliungua, moto ukianzia kwenye betri. Hifadhi iliyokuwa ikitumiwa na watumishi wa umma kutunza kazi zao, terabaiti 858, ilipotea bila nakala rudufu. Nchi ambayo intaneti yake tunaisifia! Lakini jiulize, karatasi ingewaokoa? Terabaiti 858 hazichapwi. Hakuna ghala, hakuna msitu. Serikali ya leo inazalisha taarifa kwa wingi ambao karatasi haiwezi kuubeba tena, iwe tajiri au maskini, na kuendelea kuitetea karatasi kama ngome ni kutetea sehemu ndogo ya kumbukumbu huku kubwa ikibaki wazi. Ilichofanya Estonia ndicho kinachofaa. Tangu Juni 2010 gazeti lao la sheria, Riigi Teataja, ni la mtandaoni tu, na toleo la mtandaoni ndilo lenye nguvu ya kisheria. Kisha wakaingia mkataba na Luxembourg mwaka 2017, wakaweka kule nakala za data zao muhimu, ili hata nchi ikivamiwa kumbukumbu zibaki. Ni watu milioni 1.3 hivi; hawafiki nusu ya wakazi wa Mkoa wa Dodoma, ambao Sensa ya 2022 iliwahesabu 3,085,625. Kama wao wameweza, sisi hatushindwi kwa udogo.

MTUNZA KUMBUKUMBU: Hawakushindwa kwa udogo, na sisi hatutashindwa kwa udogo. Tutashindwa tarehe 30 Juni. Wewe unaijua siku hiyo kuliko mimi. Bajeti yetu ni ya mwaka mmoja. Fedha ambayo haikutumika inarudi Mfuko Mkuu wa Hazina, na tarehe 1 Julai tunaanza kuomba upya. Uchapaji unakubaliana na kalenda hiyo: unalipa Mei, kitabu kiko rafuni, mwaka ujao hata ukinyimwa shilingi kitabu bado kiko rafuni. Nakala rudufu haikubaliani nayo, kwa sababu ni deni lisilokwisha ndani ya bajeti inayokwisha kila mwaka. Na tumeshaona jinsi neno gharama linavyotumika kwetu. Januari 2016 Waziri Nape Nnauye aliliambia Bunge, hapa hapa Dodoma, kwamba TBC haitaendelea kurusha mijadala moja kwa moja kwa sababu ilikuwa inagharimu shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka, na badala yake wananchi wataona kipindi cha usiku kilichohaririwa. Sibishani hapa na siasa za siku ile. Nasema taarifa inayolipiwa kila mwaka inaweza kuzimwa mwaka wowote, kwa sababu njema au mbaya, bila kuvunja sheria, bila kuchoma chochote. Mtu anayetaka Gazeti la 1974 lisisomwe atalazimika kuzunguka maktaba zote zenye nakala. Anayetaka tovuti isisomwe anahitaji tu kutopitisha ankara.

MHASIBU: Hilo ni zito, na sitalijibu kwa maneno mepesi. Lakini dawa yake haiwezi kuwa kuwanyima wananchi taarifa leo kwa hofu ya mtu wa kesho. Taarifa Rasmi za Bunge ziko mtandaoni, na anayezisoma leo akiwa Singida hazuiwi na uamuzi ule wa 2016. Kwa hiyo nipunguze hoja yangu mahali ambapo mmenibana. Tuchape nakala chache sana za Gazeti na za sheria kwenye karatasi ya kudumu: Nyaraka za Taifa, Kituo cha Kumbukumbu cha hapa Dodoma, ambako hewa kavu inaifaa karatasi kuliko unyevu wa pwani, Maktaba Kuu, na moja kwa kila halmashauri. Halmashauri ziko 184. Hazifiki nakala 200 kwa toleo, na hiyo Hazina inaweza kuibeba bila kulalamika. Kilichobaki chote kiwe cha mtandaoni. Na kila mradi mpya wa mfumo, kabla ya kuidhinishwa, uonyeshe gharama ya kutunza kumbukumbu zake kwa miaka 30, siyo ya kuujenga tu.

MTUNZA KUMBUKUMBU: Kuonyesha si kulipa. Naomba zaidi. Katiba yetu inataja malipo ambayo hutoka moja kwa moja Mfuko Mkuu wa Hazina: Deni la Taifa, na mishahara ya baadhi ya viongozi. Hayo hayasubiri huruma ya Mei na Juni. Kama Taifa limekubali kwamba mkopeshaji lazima alipwe hata mwaka wa njaa, kwa nini kumbukumbu ya mkopo ule ule, yaani nani aliukopa, kwa masharti gani, na fedha ilikwenda wapi, iwe jambo la hiari? Iandikwe sheria, na atajwe Afisa Masuuli mmoja atakayejibu mbele ya Bunge faili likipotea, kama anavyojibu fedha ikipotea.

MHASIBU: Kila idara inayokuja mezani kwangu inaomba iwekwe kwenye mfuko usioguswa. Dawa za hospitali zinaomba, maji yanaomba, barabara zinaomba, na mgonjwa wa Mvumi hawezi kuambiwa asubiri kwa sababu seva zimetangulia. Nikikubali kwako, nitamkatalia yupi? Bunge la leo halipaswi kulifunga la 2040 kwa jambo ambalo hatujui hata litakuwa na sura gani wakati huo. Afisa wa kuwajibika nakubali. Mfuko usioguswa siwezi kuutetea mbele ya kamati, na sitausaini.

MTUNZA KUMBUKUMBU: Usiposaini, huyo afisa atawajibika kwa kitu ambacho hakupewa fedha ya kukitunza.

MTENDAJI WA KIJIJI: Naona mmekwama kwenye mfuko, na mimi bado sijapata ukurasa wangu. Mmesema nakala moja kwa kila halmashauri. Kutoka vijiji vingi mpaka makao makuu ya halmashauri ni nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya shamba. Na mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisumbua nchi nzima kwa siku kadhaa, hata hiyo njia yenu kubwa haikuwepo. Nilichoomba ni kidogo: tangazo linalogusa ushuru, ardhi, mbegu na ada lifike kijijini kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, wenye namba na mhuri, nalo libandikwe pia kwenye kila geti la mazao. Nani analipa?

MHASIBU: Halmashauri, kutoka mapato yake ya ndani. Ndiyo ngazi iliyo karibu na mwananchi, na sheria ndogo ni zake.

MTENDAJI WA KIJIJI: Mapato ya ndani ya halmashauri za huku kwetu ni ushuru wa mazao kwa sehemu kubwa. Yaani unamtaka anayekusanya getini atoe fedha yake kuchapa karatasi inayomwambia mkulima wa magunia matano asilipe, kisha aibandike kwenye geti lake mwenyewe. Mimi ni mtumishi wa halmashauri hiyo hiyo, bwana mhasibu, na lengo la makusanyo ya kata yangu limebandikwa ukutani ofisini. Hilo halijawahi kukosa karatasi.